Waya Kwenye Gari la Ambani

Ningemwambia hapana. Neno lenyewe ni fupi, na Ijumaa ile lilikuwa tayari mdomoni mwangu, nimelibana kwa meno kama fundi anavyobana skrubu mikono yake inapokuwa na kazi. Gari lisingetoka gerejini. Ambani angeninunia siku tatu nne, mama yake angepanda basi au angesubiri wiki moja zaidi kwenda kumwona mjukuu, na leo ningekuwa mzee wa aina nyingine. Badala yake nililimeza lile neno, nikachukua plaisi na kipande cha waya wa kufungia nondo.

Mwaka huu tulimzika Mzee Swalehe, aliyenifundisha kazi. Alizikwa kwao Mumias siku ileile aliyofariki, kama ilivyo desturi ya Waislamu, kwa hiyo waliofika ni wale waliopata habari mapema. Nilisimama nyuma ya watu, kofia mkononi, nikimwangalia mwanawe akishuka kaburini kumpokea babake, ndipo nikasikia mtu akisema taratibu nyuma ya sikio langu, "Kumbe huyu mwoga wa kisu bado anaishi?" Sikuhitaji kugeuka. Hakuna mwingine duniani mwenye ruhusa ya kuniita hivyo. Mimi na Ambani tulitahiriwa siku moja, tukalala kwenye nyumba moja mpaka vidonda vilipopona. Kwetu watu wa namna hiyo hutukanana mbele ya kadamnasi na hakuna anayekasirika. Anaweza kuingia kwako, akafunua sufuria, akala nyama yote na kukuachia mchuzi. Akikuomba kitu unampa. Adabu ni ya wageni. Nilipogeuka nilimwona, mvi kichwa kizima, magongo mawili kwapani, suruali ya upande wa kulia imekunjwa na kubanwa kwa pini. Nilimwambia, "Na wewe bado unanuka ugoro." Akacheka kwa pua ili asiwavurugie watu dua yao. Miaka thelathini na kitu ilikuwa imepita tangu mwaka ule, na kati yake tulikuwa tumeonana mara nne tu, zote kwenye misiba.

Mwaka ule tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaani Amalemba, mimi na yeye. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba yoyote niliyojenga baadaye. Ukuta wa upande wa kitanda changu ulikuwa na alama ya mafuta ya gari pale nilipokuwa nikiegemeza kichwa, hata nipake sabuni vipi. Upande wa Ambani, aliyekuwa karani kwenye ofisi ya serikali, kulikuwa na msumari wenye shati moja jeupe na tai moja, na chini yake viatu vilivyong'aa kama vya mtu anayetarajiwa mahali. Stovu ilikuwa katikati, kama mpaka. Jirani yetu alikuwa mwalimu na mkewe, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Ambani alikuwa akiwajibu. Mke akisema, "Baba Linet, unga umeisha," Ambani anaitikia kutoka kitandani, "Umesikia, Baba Linet?" na tunasikia kimya kirefu, kisha mwalimu mwenyewe anaangua kicheko. Jumapili tulikwenda kwa mama yake karibu na Mukumu. Nilimwita Mama kama alivyomwita mwanawe, na hakuwahi kuniuliza kwa nini. Alitupikia obusuma, ugali wa kwetu, na mboga ya mrenda siku nyingi, na ingokho, yaani kuku, siku chache, na ingokho ilipopikwa firigisi ilikuwa ugomvi, maana firigisi ni ya mwanamume mwenye heshima na tulikuwa wawili. Mama aliikata katikati kwa kisu, akaweka kila kipande kwenye sahani yake, akasema, "Kuleni, na heshima zenu nusu nusu." Nikiandika haya naisikia ile sauti ya kisu ikigusa sahani ya bati.

Gari lilikuja katikati ya mwaka. Lilikuwa dogo, jekundu, la Kijapani, la mkono wa tatu au wa nne, na juu ya boneti lilikuwa na tundu la kuvutia hewa kama pua ya fahali. Ambani aliliosha kila jioni. Alisema, "Hili likipita, hata kuku wa Malava wanajua mwenyewe amepita." Lakini baada ya wiki chache likaanza kuchoka. Kwenye tambarare lilikwenda, kwenye mlima lilihema kama mtu wa pumu, na malori ya miwa yenye mzigo yakalipita. Akalileta kwetu gerejini. Watu wote walijua Mzee Swalehe ndiye fundi wa tabo, na kwamba magari yenye tabo yaliletwa kwake kutoka Bungoma na hata kutoka Kisumu.

Tabo, au turbo kwa Kizungu, kwa asiyeijua, ni feni ndogo ya chuma inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo huisukumia injini hewa kwa nguvu, gari likapata pumzi ya magari mawili. Lakini hewa ikizidi, injini huumia. Kwa hiyo ubavuni mwa tabo kuna kilango cha chuma, kikubwa kama sarafu, tulichokiita wesgeti. Presha ikifika kiwango chake, inakisukuma kiwambo cha mpira ndani ya kopo, kopo linasukuma kifimbo, kifimbo kinafungua kilango, na moshi wa ziada unakwenda zake bila kuizungusha feni. Mzee Swalehe alitueleza hayo siku ya kwanza akiwa amechuchumaa, kanzu ameipandisha magotini, kikombe cha kahawa chungu mkononi. "Kilango ni kimoja," alisema, "na ugonjwa wake ni wa namna mbili. Kinakataa kujifunga au kinakataa kujifungua. Kisipojifunga, gari ni punda. Kisipojifungua, gari ni fahali aliyekata kamba. Punda hajapata kuua mtu."

Alikuwa na namna yake ya kupima, na sijaona fundi mwingine akiifanya kwa subira ile. Hakuanza kufungua kitu. Alichukua pampu ya baiskeli aliyoiunga na geji ya matairi, akachomoa mpira mwembamba unaoleta presha kwenye kopo, akachomeka pampu yake, akasukuma polepole huku akihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza kama mtu anayevuta tasbihi. Kifimbo kikisogea na kubaki palepale, kopo ni zima. Kikirudi chenyewe, kiwambo kimepasuka. Halafu alipaka povu la sabuni kwenye kila mpira, kutoka kwenye tabo hadi kwenye injini, na kungoja mapovu. Halafu mkono: alisubiri chuma kipoe, akakishika kifimbo na kukitikisa, jicho limefumbwa. Na baada ya kazi kulikuwa na sheria moja ambayo hakuilegezea mtu. Gari la tabo halikukabidhiwa mwenyewe mpaka fundi aliyelishika akae kiti cha abiria, wapande pamoja mlima, mguu ukiwa umekanyaga mpaka chini. "Aliyepika aonje," alisema. "Kama unaogopa kukaa ndani ya kazi yako, kwa nini umkalishe mwenzako?"

Alilipima gari la Ambani Alhamisi. Pampu ilisema kopo ni zima. Sabuni ikasema mipira yote ni mizima. Mkono ndio uliotoa jibu. Tuliondoa bati la kukinga joto, tukaona kile kilango kimepinda kwa moto na mhimili wake umejaa masizi, kimekwama wazi kama mdomo wa mtu aliyelala. Moshi wote ulikuwa ukipita pale, na feni ilikuwa ikizunguka kwa uvivu. Mzee akajipangusa mikono. "Hapa hakuna ujanja," aliniambia. "Jumatatu tutaishusha tabo yote, tukisage kile kilango, na kisipokubali tutatafuta kingine. Mimi kesho baada ya swala nakwenda Mumias, nina mgonjwa. Gari hili lisitoke, Shivachi. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia vizuri sana.

Ijumaa, Mzee alikuwa hajafika hata stendi, Ambani akaingia na lile shati lake jeupe. Dada yake aliyeolewa Mautuma alikuwa amejifungua, na alikuwa amemwahidi mama kumpeleka Jumamosi. Mama alishafunga unga wa wimbi, alishamchagua kuku, alishawaambia wanawake wote wa kanisani kwamba hatapanda basi, atapelekwa na mwanawe. "Tunapitia Webuye mpaka Turbo," Ambani alisema, "gari la tabo likaone mji wake." Nikamwambia gari si zima, Mzee amekataza. Akalizunguka mara moja, akapiga teke tairi la mbele, kisha akanitazama na ile sura yake.

"Wewe bado unaogopanga," alisema. "Uliogopa kisu, sasa unaogopa mzee wa kofia."

"Siogopi mtu. Nimesema kilango kimepinda."

"Kwani wewe ni fundi ama wewe ni mtu wa kushika taa? Miaka yote hii unamshikia mzee taa? Mwenzangu mzima, tulikatwa pamoja!"

Mafundi wawili wa upande wa pili wa uzio walicheka. Nikitaka kujitetea naweza kusema ni mila, kwamba mtu hamnyimi mwenzake wa rika. Nimejiambia hivyo usiku mwingi, na si kweli. Mila ilinitaka nimpe nilichokuwa nacho, na sikuwa na gari zima la kumpa. Nilichotaka mimi ni kuonekana fundi. Nilitaka Jumatatu Mzee arudi akute gari limeshapona, aulize nani, watu waelekeze vidole kwangu. Kwa hiyo niliingia chini, nikakisukuma kile kilango kwa bisibisi mpaka kikajifunga, nikakivuta kifimbo na kukifunga kwa waya, mizunguko mitatu, nikausokota kwa plaisi ukakaza. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimemgeuza punda kuwa fahali.

Tulilijaribu kuelekea Lurambi na kurudi. Barabara ilikuwa na watu na baiskeli, hatukuweza kukanyaga sana, na kwa mwendo ule mdogo lilikuwa gari la ajabu. Lilivuta kama linaitwa. Ambani alipiga usukani kwa kiganja, akaimba, akaniita majina ya sifa ambayo hajaniita tena. Mlima hatukuupanda. Nilipaswa kusema, "Kuna waya, usikanyage, usipite lori." Maneno matano. Yangetosha. Lakini mtu anayesifiwa hapendi kueleza kwamba kazi yake ni waya wa nondo. Aliposema, "Kwa hivyo umelitengeneza kabisa?" nilijibu, "Kabisa."

Magari yale yalikuwa na akili kidogo ya umeme. Presha ikivuka kiwango, akili ile inakata mafuta ili kuokoa injini. Gari linanyamaza sekunde moja au mbili, kisha linarudi. Ukiwa peke yako barabarani, utashtuka, utacheka. Jumamosi asubuhi, mbele kidogo ya Malava, Ambani alikuta trekta la miwa lenye trela mbili. Akatoka kulipita, akakanyaga mpaka chini kama mtu yeyote angefanya, na gari likavuta, likavuta, na katikati ya trela ya pili likanyamaza. Kwa mbele lilikuwa linakuja lori.

Habari ilifika Amalemba kupitia kwa mwalimu wa upande wa pili wa ukuta. Nilipofika walikuwa wameshawachukua wote wawili, Ambani hospitalini, na Mama kule wanakopelekwa wasiohitaji haraka. Gari lilikuwa limelala ubavu ndani ya miwa. Barabarani unga wa wimbi ulikuwa umemwagika, na watu walikuwa wameuzunguka bila kuukanyaga. Kuku alikuwa hai. Alikuwa pembeni kwenye majani, miguu bado imefungwa kwa kitambaa, ananitazama kwa jicho moja kama kuku wanavyotazama. Hakuna aliyetaka kumchukua.

Mazishini nilibeba sahani. Nilijipa kazi ya kutoka jikoni kwenda kwenye hema na kurudi ili nisikae karibu na jeneza, na kwa sababu hiyo nilisikia maneno ya jikoni yote. Mwanamke aliyekuwa akisonga obusuma kwenye sufuria kubwa, jasho linamtiririka, alisema, "Kijana alikuwa na haraka." Mwingine akasema, "Haraka ya nini? Ni maringo. Alitaka waone gari." Wa tatu akasema, "Mama alimpenda huyo mtoto, ona sasa amemfanyia nini." Nilisimama mlangoni na sahani kumi na mbili mikononi. Mmoja akageuka akaniona. "Pole, mwana wanje," aliniambia kama mwanawe mwenyewe, "najua mlikuwa kama ndugu." Nikasema asante.

Kabla ya hapo, Jumapili, nilikuwa nimefanya jambo la pili, na hilo hakuna aliyenishawishi. Nilikwenda kwenye uwanja wa polisi ambako gari lilikuwa limeburutwa. Nilisema nimetumwa kuchukua vitu vya marehemu, na walinijua kwa ovaroli yangu, wakaniacha. Nililala chini ya injini iliyopinda, nikaukata ule waya kwa plaisi ileile, nikautia mfukoni. Nilipata pia kiatu kimoja cha Mama chini ya kiti. Nilikitoa ili uongo wangu uwe kweli.

Baada ya siku chache Mzee Swalehe alikwenda kuliangalia gari mwenyewe. Aliporudi nilikuwa nikiosha vipuri kwa mafuta ya taa. Akanisalimia, "Asalaam aleikum," ingawa mimi si Mwislamu na hakuwahi kunisalimia hivyo, kisha akakaa juu ya tairi. Nikaosha kipuri kimoja, nikachukua kingine.

"Kile kifimbo," alisema mwishowe, "kina mahali panapong'aa. Mahali ambapo hapakuwa na haja ya kung'aa."

Nikakiweka kipuri chini.

"Kijana ameambiwa?"

"Hapana, Mzee."

"Mimi sitamwambia. Deni la ulimi hulipwa na ulimi wenyewe." Akainuka kwa shida, akishika goti. "Lakini hapa kwangu hutaigusa tabo tena."

Niliumaliza mwaka ule nikibadilisha matairi na kupaka grisi, na kila gari la tabo lilipoingia niliondoka nikaenda kusimama barabarani. Mwisho wa mwaka nilikwenda kufanya kazi kwenye matrekta ya miwa upande wa Shianda, na huko ndiko nilikozeekea. Ambani aliachishwa kazi kwa ajili ya mguu, akaenda kukaa kwa dada yake Mautuma. Yule mtoto, msichana, alipewa jina la nyanya yake, Roselida. Nimezaa, nimelea, nimekula Krismasi nyingi. Hakuna siku nimeshika sahani ya bati bila kusikia kile kisu.

Basi baada ya mazishi ya Mzee, mimi na Ambani tulikaa kwenye hoteli ndogo ya chai pale Shianda tukimsubiri Roselida aje na gari kumchukua mjomba wake. Alinitukana, nikamtukana. Alikula mandazi yangu. Mwenye hoteli alituuliza kama sisi ni ndugu, Ambani akasema, "Huyu? Huyu alilia mpaka mtahiri akaomba radhi." Kisha akaweka kiganja juu ya kile kigutu chake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unajua mimi nikilalanga, huu mguu usiokuwepo bado unakanyaga mafuta. Kila siku. Nakanyaga, gari halijibu. Sijui nilikosea wapi, Shivachi. Labda gia. Nimewaza gia maisha yangu yote. Nilimuua mama na sijui hata nilimuua vipi."

Nikamwambia. Nilianza na waya, nikarudi kwenye kilango, nikaenda kwenye akili inayokata mafuta, nikaishia kwenye uwanja wa polisi na kile kiatu. Nilieleza kama fundi kwa sababu sikujua kueleza vingine. Alisikiliza akikiangalia kikombe.

"Kwa hiyo lilikata lenyewe," alisema.

"Lilikata lenyewe."

"Si gia."

"Si gia. Hukukosea kitu."

Alipumua, na kwa kitambo kidogo uso wake ulilegea, nikauona tena uso wa kijana wa Amalemba. Nadhani hapo alikuwa ameutua mzigo. Halafu akanyanyua macho kunitazama, na nikaona anaona nani alikuwa amembebesha.

Roselida aliingia akizungusha ufunguo kidoleni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mashavu ya nyanya yake. Akanisalimia, akamsaidia mjomba wake na magongo. Ambani alisimama, akaweka sawa koti. "Bwana Shivachi," aliniambia, "asante kwa chai." Akanipa mkono, kama unavyompa mkono chifu.

Anayo nambari yangu. Hunipigia sikukuu zikifika, huniuliza hali ya nyumbani, huniombea baraka, huniita Bwana Shivachi kuanzia mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho. Waya ule ulimuua mwanamke aliyekuwa akinikatia nusu ya firigisi, ukamtoa mwanawe mguu, na ukaninyang'anya kazi niliyokuwa naipenda. Na mwisho wa yote ulinigharimu mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kunitukana. Sasa kila mtu ananiheshimu.